Polisi wa runingani na polisi wa zamu

Kwa aliyeuliza kama askari wetu wa Mwanza nao wanaishi kama wale wa vipindi vya Marekani: matukio mengi ya vipindini ni ya kweli, kilichopikwa ni uwiano. Kipindi cha Cops, kilichoanza 1989, kinafuata zamu za doria kisha kinachuja. Nusu saa ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22, na humo yanaingia matukio matatu hivi. Kuchoka hakuna, kusubiri hakuna. Halafu pingu zikishafungwa, basi. Kesi iliishaje huambiwi.

Kazi ndiyo kwanza inaanza hapo. Mtu akikamatwa na bangi Kirumba, mbio ni dakika tano. Baada ya hapo hati ya ukamataji mali ijazwe, isainiwe na mtuhumiwa, askari na shahidi, na awe shahidi huru, si askari mwenzake. Kituoni jalada lifunguliwe, kielelezo, yaani hiyo bangi, kifungwe kwa lakiri (nta ya muhuri), kiingie kwenye rejista, kisha kiende kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Maelezo ya mtuhumiwa nayo yana muda wake wa kisheria wa kuandikwa tangu akamatwe. Kielelezo kikipita mkono mmoja bila kuandikwa, wakili ataanzia hapohapo, na bangi yote hiyo huenda isisaidie kitu mahakamani.

Bado sijagusa lindo la benki usiku kucha. Hilo nani atalirusha?