Mpira Mmoja wa Rejeta Ukipasuka, Badilisha Yote

Msomaji mwenye pikipiki ya Honda Africa Twin XRV750 anauliza kama anaweza kubadilisha mpira mmoja tu wa kupitisha maji ya rejeta, ule uliopasuka, maana mingine kwa nje inaonekana mizima. Asifanye hivyo. XRV750 za mwisho zilitengenezwa 2003, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imevuka miaka 20, na kwa umri huo ngozi ya nje ya mpira haikuambii kitu.

Mipira hii huozea ndani. Kulanti (maji ya kupoza injini) iliyochoka hupitisha umeme mdogo kati ya metali na mpira, na umeme huo huchimba nyufa za urefu, hasa karibu na klipu, yaani mikanda inayoubana mpira. Kagua kwa vidole injini ikiwa baridi: bana sentimita 3 kutoka mwisho, halafu bana katikati. Mwisho ukiwa laini kama sifongo kuliko katikati, huo umekwisha. Uliovimba na kunata umeguswa na oili. Unaojibana wenyewe injini ikipoa hauna kosa; kagua valvu ya mfuniko wa rejeta.

Halafu kuna kazi yenyewe. Pikipiki hii ina rejeta mbili, na huifikii mipira yote bila kuvua plastiki za pembeni na tangi la petroli. Nani anataka kuvua hayo mara mbili? Ukiwa humo, weka oringi mpya (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za viungo vya maji, badilisha klipu zote, na usisahau ule mpira mwembamba wa kwenda kwenye tangi la akiba la kulanti. Piga picha kabla ya kulegeza chochote.

Kwenye kutoa ndipo mafundi wenye haraka huharibu. Mdomo wa rejeta, pale mpira unapovishwa, ni alumini nyembamba; ukikamata mpira kwa praizi na kuuzungusha, mdomo unapinda au kupasuka, na rejeta ya pikipiki ya zamani si spea ya kuokota. Uchane mpira kwa urefu kwa wembe, bila kufika chini kabisa, kisha uupanue kwa bisibisi bapa. Ule unga mweupe uliobaki mdomoni uondoe kwa msasa laini, namba 400 kwenda juu, ukisugua kwa kuuzunguka mdomo. Ukisugua kwa urefu, unayachimbia maji mfereji wa kutokea.

Kuvisha, lainisha kwa kulanti au maji ya sabuni kidogo. Grisi na oili hula mpira. Gundi ya silikoni nayo iache dukani: mpira hutelezea juu yake, na vipande vyake huishia kuziba rejeta. Klipu ikae nyuma ya ukingo uliovimba wa mdomo, milimita 3 hivi kutoka mwisho wa mpira, kichwa cha skrubu kikielekea utakapofikia tangi la petroli likiwa limerudi. Klipu zenye matundu kwenye mkanda hukata mipira ya silikoni. Hiyo inataka klipu laini kwa ndani. Mpira mnyoofu wa kukata kwa mita usiulazimishe kwenye kona, utajikunja na kuzuia maji.

Tumia kulanti ya injini za alumini isiyo na silikati, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Nunua lita 4 za mchanganyiko, zitabaki. Maji matupu ya bomba au kisima huacha magadi na kutu, hata kwenye joto ambako hakuna barafu. Kulanti ya zamani usiimwage chini: ni sumu, na utamu wake huvuta mbwa na watoto.

Jaza taratibu, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, bonyeza mipira, inamisha pikipiki kushoto na kulia mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Acha feni iwake mara moja. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, kaza klipu tena na upime tangi la akiba. Ukikuta tone chini ya pampu ya maji, kwenye kile kitundu chake, mipira haihusiki. Hapo sili ya pampu imekufa.