Kutoka Uwaziri hadi Umeya: Wasomaji Wauliza kuhusu Jozias van Aartsen

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Mtaalamu wa mbegu kutoka Uholanzi aliyetutembelea alitusimulia habari za Jozias van Aartsen, ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi yao na baadaye akawa meya wa The Hague. Kwetu waziri akienda kuwa meya watu wangesema ameshushwa cheo. Je, alikosa nini, na ni nani aliyemchagua? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Hakushushwa, ndugu yangu, wala umeya wake haukuwa adhabu. Kwa Waholanzi umeya wa jiji kubwa ni nafasi ambayo mawaziri na wabunge wazoefu huiwania, na sababu yake inaonekana mtu akiangalia namna meya anavyopatikana.

Van Aartsen alizaliwa The Hague tarehe 25 Desemba 1947. Baba yake alikuwa waziri, kisha mwakilishi wa Malkia katika mkoa wa Zeeland, lakini mwana hakufuata chama cha Kiprotestanti cha mzee wake. Alijiunga na VVD, chama cha mrengo wa kulia kinachotetea uhuru wa mtu binafsi na wa biashara. Alianza kusoma sheria bila kumaliza, akafanya kazi miongoni mwa watumishi wa chama bungeni, kisha akaingia serikalini, na kuanzia 1985 hadi 1994 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ndiyo wizara inayopitisha majina ya mameya wanaopendekezwa kuteuliwa. Kwa maoni yangu miaka hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa aliujua umeya kwa upande wa wateuaji muda mrefu kabla ya kuuomba yeye mwenyewe.

Mwaka 1994 Waziri Mkuu Wim Kok alimpa Wizara ya Kilimo, na mwaka 1998 akamhamishia Mambo ya Nje, alikokaa hadi 2002. Kuanzia 2003 aliwaongoza wabunge wa VVD, na ni katika kipindi hicho, Septemba 2004, mbunge mwenzake Geert Wilders alipojitoa katika kundi hilo, hasa kwa sababu ya mvutano kuhusu Uturuki kuingia Umoja wa Ulaya. Lililomwondoa Van Aartsen katika uongozi, hata hivyo, lilikuwa jambo la serikali za mitaa kabisa. Machi 2006 ulifanyika uchaguzi wa madiwani nchi nzima, VVD ikafanya vibaya, naye akajiuzulu. Kiongozi wa kitaifa aliondolewa na kura za madiwani, na miaka miwili baadaye, Machi 2008, akarudi uwanjani kwa mlango wa baraza la madiwani, akiwa meya wa The Hague.

Sasa nije kwenye swali lako la nani alimchagua. Meya wa Kiholanzi hapigiwi kura na wananchi. Nafasi ikiwa wazi hutangazwa kama kazi, na waombaji hupeleka maombi kwa mwakilishi wa Mfalme katika mkoa husika, ambaye wakati huo alikuwa mwakilishi wa Malkia. Kamati ya madiwani huwahoji kwa siri, na siri hiyo inalindwa kwa sheria, kisha baraza zima linapendekeza jina, waziri analipeleka mbele, na uteuzi unatolewa kwa amri ya kifalme kwa miaka sita inayoweza kurudiwa. Mwombaji hahitaji kuwa mkazi wa mji huo wala diwani wake. Hapa Mbeya, kama unavyojua, meya wa Jiji huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao, Mkurugenzi huteuliwa na Rais, na ulinzi na usalama wa wilaya uko chini ya Mkuu wa Wilaya, ambaye naye ni mteule wa Rais. Meya wa The Hague huongoza vikao vya baraza bila kupiga kura humo, huongoza kamati ya utendaji ya jiji, na ndiye anayewajibika kwa utulivu wa mji na anayeamuru matumizi ya polisi katika kuulinda. Utaona kwamba ameshika sehemu ya kazi ambazo sisi tumezigawa kwa watu tofauti.

Uzito wa kazi hiyo ya usalama ulionekana wazi wakati wake. Machi 2014 jiji lake lilipokea mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu usalama wa nyuklia. Miezi michache baadaye maandamano ya waungaji mkono wa kundi la Dola la Kiislamu (IS) katika mtaa wa Schilderswijk yalizua lawama kwamba meya hakuwa mkali vya kutosha, na akalazimika kujieleza mbele ya madiwani. Mwaka uliofuata mgeni mmoja kutoka Aruba alifariki baada ya kukamatwa na polisi, ghasia zikaendelea usiku kadhaa katika mtaa huohuo, na safari hii meya akapiga marufuku mikusanyiko. Aliyeteuliwa, basi, hayuko salama hata kidogo: baraza likipoteza imani naye, kazi imekwisha, iwe muda wake umebaki au la.

Binafsi naona kasoro moja kubwa katika utaratibu huu, nayo ni kwamba mkazi wa kawaida hana kura yoyote kuhusu mtu anayeweza kumzuia asikusanyike na wenzake. Waholanzi wenyewe wamebishana sana juu ya hilo. Machi 2005 muswada wa kuwaruhusu wananchi wachague meya moja kwa moja ulikwama katika Seneti, na waziri aliyeusimamia, Thom de Graaf, akajiuzulu. Mwaka 2007 jiji la Utrecht liliwaita wakazi wapige kura ya maoni kati ya waombaji wawili, lakini wote wawili walikuwa wa chama kimoja cha Labour, na waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 10. Sishangai.

Van Aartsen aliondoka The Hague Machi 2017 akiwa amebakiza miezi michache afikishe miaka 70, umri ambao meya aliyeteuliwa kwa kawaida hulazimika kustaafu. Mwaka huohuo alikaimu uwakilishi wa Mfalme katika Drenthe, mkoa ambao utakuvutia wewe kwa kuwa unalima viazi vingi vya kutengenezea wanga. Eberhard van der Laan, meya wa Amsterdam ambaye naye aliwahi kuwa waziri, alipofariki Oktoba, Van Aartsen aliitwa akaimu huko kuanzia Desemba hadi Femke Halsema alipoanza kazi Julai 2018.

SWALI: Nafuga nguruwe Tukuyu. Nimesikia huyu mheshimiwa alipokuwa Waziri wa Kilimo aliwaua nguruwe wote wa Uholanzi. Ni kweli? (Mama mfugaji, Rungwe)

JIBU: Si wote, mama, lakini idadi inatisha. Februari 1997 homa ya nguruwe iligunduliwa katika mkoa wa Brabant Kaskazini, eneo lenye mabanda yaliyosongamana, na hadi ulipodhibitiwa ugonjwa huo uliingia katika mashamba zaidi ya 400. Hii ni homa inayosababishwa na virusi tofauti na vile vya homa ya nguruwe ya Afrika mnayoiogopa huko Rungwe na Kyela, ingawa zote mbili hazina dawa ya kuponya. Nguruwe zaidi ya milioni 10 waliteketezwa, na wengi wao hawakuwa wagonjwa: usafirishaji ulikuwa umezuiwa, watoto wakaendelea kuzaliwa, mabanda yakafurika, na serikali ikawanunua ili kuwaangamiza.

Baada ya hapo Van Aartsen alitaka idadi ya nguruwe nchini ipunguzwe kwa robo, jambo lililowakasirisha wafugaji hadi wakaenda mahakamani. Mzigo huo ulimwangukia mrithi wake, Hayo Apotheker, aliyetoka kwenye umeya wa Leeuwarden kuja kuwa waziri. Alijiuzulu Juni 1999 akiona haungwi mkono vya kutosha, na baadaye akarudi tena kwenye umeya.

SWALI: Alipokuwa waziri, Van Aartsen alikuwa mbunge wa jimbo gani? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Hakuwa na jimbo, kijana wangu, kwa sababu Uholanzi wabunge hupatikana kwa orodha za vyama katika nchi nzima. Tena Katiba yao hairuhusu mtu kuwa waziri na mbunge kwa pamoja, tofauti na yetu inayotaka waziri awe mbunge. Upo mwanya mmoja tu: serikali ikishajiuzulu na kubaki ikisubiri nyingine iundwe, waziri aliyechaguliwa kuwa mbunge anaweza kushika nafasi zote mbili. Ndiyo maana kati ya Mei na Julai 2002 Van Aartsen alikuwa mbunge mpya huku bado akiendesha Wizara ya Mambo ya Nje.