Santuri ya babu wa Keya: wimbo unakimbia, spidi sahihi nitaijuaje?

SWALI (nimelifupisha): Fundi shikamoo. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Tunduru, alikuwa Keya (askari wa jeshi la kikoloni la Mwingereza) na alifika mpaka Burma. Kafariki zamani. Kwenye sanduku lake tumekuta santuri moja tu, nyeusi inang'aa, lebo imeandikwa kwa kalamu ila wino umefutika, na ukingoni ule weusi umebanduka kidogo panaonekana chuma cheupe. Tukaicheza kwenye gramafoni ya jirani ile ya kuzungusha mkono, mi nikarekodi kwa simu. Mwanzo kuna tarumbeta ya kijeshi, afu askari wanaimba huku wanapiga kwata, mmoja anaanzisha wenzake wanaitika. Shida sauti zao nyembamba kama za darasa la saba na mwendo ni mkali mno. Hiyo ni spidi? Nitajuaje ipi sahihi? Pia nimepitisha kwenye programu ya AI ya kuondoa makelele imetoka safi sana (mafaili yote mawili nimekutumia), niwagawie ndugu hiyo? Na je ni ya Vita ya Kwanza au ya Pili?

JIBU: Marahaba mjukuu wa Keya. Kabla sijagusa hata swali moja, nakuomba hiyo santuri msiicheze tena kwenye hilo gramafoni, hata mara moja ya kumwonyesha shangazi. Hicho chuma cheupe ulichokiona ni alumini, na huo weusi juu yake ni laka, kitu kama vanishi, yani hii sio santuri ya dukani iliyochapwa kiwandani kwa mamia, hii ilikatwa moja kwa moja na mashine palepale watu wanapoimba, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba duniani iko hiyo moja tu mliyonayo nyie. Laka ni laini. Sindano ya chuma ya gramafoni inakaa juu yake na uzito wa zaidi ya gramu 100, wakati mashine ya kisasa inaweka gramu 3 mpaka 5 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe mmelima nini humo ndani. Usijilaumu lakini, wengi wamefanya hivyo na hukujua. Iweke imesimama wima ndani ya bahasha safi, mbali na joto, na ukiona unga mweupe unatoka juu yake usifute kwa spiriti wala usijaribu kuikwangua, acha vilevile mpaka ifike kwa anayejua.

Haya, spidi. Ndio, ni spidi, na nitakuonyesha nilivyojua manake hapa ndipo watu wengi wanaharibu, wanavuta ile slaida ya kwenye programu mpaka sauti "ikae vizuri" masikioni mwao halafu wanasema wamerekebisha. Sikio lako limezoea nyimbo za leo, halijui babu zetu walikuwa na sauti za aina gani.

Nimefungua faili lako nikahesabu hatua. Zile buti zinasikika vizuri tu, ni hatua 138 kwa dakika pale mwanzoni. Sasa gwaride la kawaida la miguu la Waingereza enzi hizo lilikuwa hatua 120 kwa dakika, kwa hiyo mtu wa haraka haraka atasema basi imekimbia kwa asilimia 15, rudisha nyuma, kazi imekwisha. Ngoja kwanza. Vikosi vya Uingereza vyenye jina la Rifles vina mwendo wao wa kasi, kama hatua 140, na hii Keya yetu ni nini? King's African Rifles. Kwa hiyo hiyo 138 yako inaweza ikawa ni kosa la mashine, au ikawa ni askari kweli wanatembea hivyo na spidi ni sahihi kabisa! Hatua peke yake haiwezi kukuamulia. Na hata ungekuwa na kitabu cha gwaride mkononi, wimbo wa safari ndefu porini na mzigo mgongoni hauimbwi kwa mwendo wa uwanja wa gwaride.

Kinachotuokoa ni ile tarumbeta. Tarumbeta fupi ya kijeshi haina vitufe, mpigaji anapata noti chache tu na zote zinatokana na urefu wa bomba lenyewe, hawezi kuzipandisha akitaka. Ile ya jeshi la Uingereza ni ya B bemoli, noti yake ile ya katikati inayorudiwa sana inatakiwa iwe karibu na hezi 466, yani mitetemo 466 kwa sekunde. Kwenye faili lako, ukifungua spektrogramu, yani picha ya sauti inayoonyesha noti ziko wapi, imekaa 537. Gawanya 537 kwa 466 unapata 1.15 na kidogo. Rudi kwenye hatua, 138 gawanya kwa hiyo, unapata 120. Vitu viwili visivyojuana vimetoa jibu moja, hapo ndipo nilipotabasamu. Maana yake gramafoni ya jirani ilikuwa inazunguka karibu mara 90 kwa dakika badala ya 78 ya kawaida ya santuri hizi, kirekebisha spidi chake kimeharibika au kuna mtu alikichezea.

Ila nisikudanganye kuwa ni sahihi hadi nukta ya mwisho. Bendi za jeshi la Uingereza zilitumia tuni ya juu zaidi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa tuni hiyo noti ileile inakaa karibu hezi 479, na ala hazitupwi siku amri inapobadilika, tarumbeta kuukuu inaweza ikawa ilibaki kambini miaka mingi. Ukitumia 479 unapata hatua kama 123. Kwa hiyo mi naandika "kati ya 120 na 123" na naacha hivyo.

Kingine ambacho nadhani hukukiona. Mpaka mwisho wa wimbo hatua zimeshuka kutoka 138 mpaka 131. Askari wamechoka? Ndani ya dakika tatu hawachoki. Namna ya kujua ni hii: kama mwendo umepungua lakini sauti zao zimebaki palepale, hao ni watu wamepunguza. Kama mwendo na sauti vimeshuka pamoja kwa kiwango kimoja, hiyo ni mashine. Kwako sauti nayo imeshuka karibu nusu-toni, sawasawa na hatua, kwa hiyo ni springi ya gramafoni ilikuwa inaishiwa nguvu. Simu yako haina hatia, saa ya ndani ya simu iko sahihi mno kwa mambo haya. Ndio maana hata ukirekebisha kwa namba moja faili zima, mwisho utakuwa umekosea. Faili la simu libaki kama kumbukumbu ya siku mliyoifungua, kazi yenyewe ifanyike upya.

Tatizo hili wala sio geni, lina umri mkubwa kuliko babu yako. Wajerumani wa Phonogramm-Archiv, hifadhi ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa 1900, waliliona mapema kwa sababu silinda za nta za wakati ule mtu alikuwa anaweka spidi anayotaka. Wakawa wanawaagiza wasafiri wao wapulize filimbi ya tuni, hezi 435, mwanzoni mwa kila silinda kabla mwimbaji hajafungua mdomo, ili atakayeicheza baadaye arudishe spidi mpaka ile filimbi ikae sawa. Basi tarumbeta ya hao Keya, bila wao kujua, imekufanyia kazi ya ile filimbi. Na kwa vile wewe ni wa kusini, 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita huko huko kwenu, kuanzia Lindi kupanda mpaka Makonde, vumbi la Maji Maji halijatulia vizuri, akiwa na fonografu, mashine ya kurekodi kwenye silinda hizo, na msafara wa askari na wapagazi, akarekodi nyimbo kwenye nta. Halafu vita ya 1914 ilipokuja, tume ya Wajerumani ikazunguka kambi za mateka kwao kuanzia 1915 mpaka 1918, Wilhelm Doegen na wenzake, wakakusanya diski kama 1,650 na silinda zaidi ya 1,000, na kati ya mateka hao walikuwemo Waafrika waliopigania Ufaransa na Uingereza. Lakini mle hutapata buti hata moja! Mtu kasimamishwa mbele ya faneli ya kunasia sauti, kaambiwa asitikisike, aimbe. Ukipima mwendo wa rekodi kama hizo ukasema ndivyo walivyotembea unajidanganya. Yako ina miguu, na ndio thamani yake.

Ambayo inanileta kwenye hiyo AI yako. Nimesikiliza lile toleo "safi" mara mbili nikasikitika, buti zimepotea. Programu hizi zinafunzwa kutunza sauti ya binadamu na kutupa mchakacho, na kishindo cha buti kwenye changarawe kwa hesabu ya kompyuta kinafanana sana na mchakacho wa sindano, vyote ni makelele yasiyo na noti. Kwa hiyo imetupa vyote, imekuachia kwaya inayoimba hewani. Pia sikiliza pale waitikiaji wanapoingia, herufi za "s" na "sh" zimelainika mpaka neno halieleweki. Hiyo usiigawe kama ndio rekodi. Ukitaka ya kuchezea msibani au kwenye harusi sawa, ila iandike jina lake "imesafishwa" na ile mbichi iwe imehifadhiwa sehemu mbili tofauti, flashi peke yake haitoshi.

Sasa ya kufanya. Tafuta studio au hifadhi ya sauti yenye mashine ya kucheza santuri za kizamani na uwaulize maswali haya kabla hujawapa kitu: wana sindano za 78? Sindano ya kawaida ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, ncha yake ni nyembamba, kama maikroni 25 au pungufu, inazama chini kabisa ya mfereji uliochongwa kwenye santuri ambako kuna uchafu tu, wakati mifereji ya 78 inataka kama 76, na za laka zinatofautiana, mtu anayejua atajaribu saizi mbili tatu bila kucheza santuri nzima. Warekodi faili la WAV, lile lisilobanwa, la kilohezi 96 na biti 24. Warekodi kuta zote mbili za mfereji kama stirio hata kama rekodi ni mono, kwa sababu ukuta mmoja huwa umeliwa zaidi na sindano ya chuma na mwingine unaweza kuwa mzima. Na watunze faili ambalo halijarekebishwa chochote, marekebisho yafanywe kwenye nakala na yaandikwe. Akikwambia "usijali nitaisafisha kwanza kwa spiriti", chukua santuri yako uondoke. Halafu waangalie kama inaanzia nje au ndani, nyingine za kukata mkono zinaanzia katikati kuelekea nje, mtu asiyejua anaweka sindano ukingoni na kukwaruza bure.

Vita ya Kwanza au ya Pili, hiyo rahisi. Santuri za laka zilianza katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo ya Kwanza ifute. Ubeti wa tatu nimeskia wazi kabisa wanaitaja Habeshi, yani Ethiopia, na Keya waliingia huko kumtoa Mtaliano 1941. Ila hilo linakwambia haijarekodiwa kabla ya hapo, halikwambii ni mwaka huo, manake askari hawaachi ubeti mtamu kwa sababu vita imehamia kwingine. Angalia Tufunge Safari, wimbo wa Keya wa kutembelea, kila mtu anaijua, anayetoa amri anabadilishwa jina kulingana na nani anaimba na yuko chini ya nani. Burma sijaisikia, wala Mjapani. Vikosi vyetu vilipigana bonde la Kabaw huko Burma 1944, kwa hiyo naona kuna nafasi kuwa ilikatwa kabla hawajavuka bahari, ila usiandike hivyo kwenye lebo, andika "baada ya 1940" basi.

Maneno nayo msiyanyooshe. Hicho ni Kiswahili cha Keya, kilivunjwavunjwa kambini na watu wa makabila kumi, na kuna mahali muanzishaji anaingiza maneno ambayo kwa sikio langu ni Kiyao, mi siyawezi. Hapo Tunduru wazee wa kukusaidia hawakosekani. Wapelekee nakala iliyopunguzwa spidi kwa 1.15, hata kama sio kamili watasikia maneno vizuri zaidi, kaa nao, rekodi na wao wanavyokuelezea. Na ukimpata hata mmoja anayeukumbuka wimbo huo, mwombe asimame autembelee kidogo, umhesabie hatua.