Kuendesha tovuti kadhaa za Franco zilizounganishwa: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza kama makusanyo yako ya Franco Luambo, yule mwanamuziki wa Kongo, na bendi yake TPOK Jazz (awali OK Jazz) uyafungulie tovuti moja au uyagawe: orodha ya santuri kwake, wanamuziki kwao, maneno ya nyimbo kwake, picha kwake, halafu uziunganishe zote. Kazi hiyo nipo nayo miaka mingi. Sisi tunazo tatu. Mimi niko Dar nashika santuri, mwenzangu wa Nairobi anashika wanamuziki, na mwingine aliyeko Ubelgiji anashika magazeti ya zamani na makasha ya santuri.

Jibu fupi: gawa, ila gawa kwa kufuata watu ulionao, si mada. Kama uko peke yako, fungua moja tu, iwe na vyumba vinne. Tovuti isiyo na mwenyewe hufa, hata kama ina vitu vitamu.

Mkishakuwa wengi, sheria ya kwanza ni kwamba kila taarifa inaandikwa mahali pamoja tu. Mfano "Mabele". Mwaka wake, 1974, uko kwangu. Kwamba mtunzi ni Simaro Lutumba na mwimbaji ni Sam Mangwana, iko kwangu pia. Mwenzangu wa Nairobi akiandika habari za Mangwana haandiki mwaka wala lebo ya santuri, anaweka linki inayoleta msomaji kwangu. Na mimi sisimulii Mangwana alitoka wapi kabla ya OK Jazz, namrudisha msomaji kwake. Mkianza kunakiliana, siku ya kurekebisha utarekebisha ukurasa mmoja, mbili zibaki zinadanganya, na wanaonakili huko mitandaoni watachukua zile mbili. Wimbo huo huo wa "Mabele" utaukuta kila kona umeandikwa "Franco" basi, Simaro hatajwi. Ukitaka tovuti zenu ziwe na maana, safu ya mtunzi na safu ya mwimbaji ziwe mbili tofauti, tena tofauti na jina la bendi.

Sheria ya pili wengi huidharau: anwani ya ukurasa isitokane na jina la wimbo. Mpe kila wimbo namba na anwani ibebe namba hiyo daima. Majina ya nyimbo za Franco hayatulii. "Mamou" kwa wengine ni "Tu vois?". "Azda" ya 1973, lile tangazo la wauza magari wa Kinshasa, watu wa huku wanaitafuta kwa kuandika kiitikio wanavyokisikia: vewe vewe. Majina yote hayo, pamoja na yaliyokosewa, yaweke ndani ya ukurasa ili atafutaye aupate. Jina la ukurasa ukilibadili kesho, linki za wenzako hazikatiki.

Sasa santuri zenyewe, maana hapa ndipo utakapotokwa jasho. Nyimbo ndefu za miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili kwenye santuri ya inchi 7: maneno upande wa kwanza, ukigeuza ndipo sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, linashika moto. Baadaye wimbo huo huo ukatolewa mzima kwenye LP (santuri kubwa) ya mkusanyiko. Je, hizo ni rekodi mbili au moja? Kwangu ni moja yenye matoleo mawili, kila toleo na mwaka wake. Kuna mwaka wa kurekodi, mwaka wa kutolewa Kinshasa, na mwaka wa kutolewa Nairobi au Ulaya. Ukiviweka kwenye safu moja umeharibu kazi yote. Ndiyo maana hesabu za "nyimbo za Franco" hazifanani popote. Mmoja anahesabu alizotunga yeye, mwingine anahesabu kila kilichopigwa na OK Jazz tangu 1956.

Marekebisho ya wasomaji yapokee, ila omba picha ya lebo. Kuna mzee wa Kigoma alinitumia picha ya santuri ambayo tundu la katikati limepanuka kwa kupigwa, karatasi ya lebo imechubuka nusu, lakini chini ya jina la wimbo, kwenye mabano, jina la mtunzi linasomeka. Ubishi uliodumu muda mrefu ukaisha siku hiyo. Mwambie pia mtu apige picha ile sehemu nyororo inayozunguka lebo, ambako kuna namba imekwaruzwa. Namba hiyo ndiyo itakuambia kama matoleo mawili yalitokana na rekodi mama moja.

Kuhusu namna ya kuunganisha: zamani, miaka ya 1990, mashabiki walitumia pete, kila tovuti ina kitufe cha "inayofuata" na "iliyotangulia". Ilipendeza, lakini tovuti moja ikizimika duara limekatika. GeoCities, iliyokuwa ikitoa nafasi za tovuti bure, ilipofungwa 2009 kurasa nyingi mno za mashabiki ziliondoka nayo. Siku hizi tengeneza mstari mmoja juu ya kila ukurasa, unaofanana kwenye tovuti zote, na kila tovuti itaje zote. Halafu kila mmoja awe na nakala kamili ya za wenzake, na kurasa muhimu mzihifadhi pia Wayback Machine, ile hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani. Kurasa ziwe nyepesi. Msomaji wetu yuko kwenye simu na bando la kubahatisha, hasa kila Oktoba 12, siku aliyofariki Franco mwaka 1989, redio zinapopiga nyimbo zake na watu wakamiminika kutafuta.

Domeni, yaani jina la tovuti mnalolilipia, isiwe siri ya mtu mmoja. Wawili wawe na nywila, na tarehe ya kulipia ijulikane kwa wote. Urafiki wa mashabiki nao huvunjika, hasa kwa habari kama ya 1978, Franco alipofungwa kwa ajili ya nyimbo za matusi. Habari hiyo tumemwachia mwenye magazeti, asiye na gazeti mkononi haruhusiwi kuigusa.

Muziki wenyewe usiuweke. Sheria za Tanzania na Kenya zinalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo tungo za Franco zina ulinzi mpaka mwisho wa 2039, na za Simaro, aliyefariki 2019, mbali zaidi. Maneno ya nyimbo nayo ni kazi ya mtunzi, hivyo ile tovuti yako ya maneno ifikirie upya. Muhtasari wa Kiswahili wa kinachosimuliwa unatosha na unasomwa sana. Video za YouTube ziwekee linki ukitaka, ila usizitegemee kama ushahidi, maana hufutwa bila taarifa.

(Ukijiwekea taarifa za kiotomatiki za neno "Franco", jiandae kuletewa yule jenerali wa Hispania kila asubuhi. Weka "Luambo".)

Kama unatafuta pa kuanzia, usianze na Franco. Anza na mpiga gitaa Mose Fan Fan: alitunga "Dje Melasi" akiwa OK Jazz, akaja kupiga na Orchestra Makassy na Matimila hapa Dar, na jina la bendi yake, Somo Somo, likamfuata mpaka London. Hapa mjini bado wapo wazee waliomwona jukwaani, na habari zao hazipo popote mtandaoni. Tovuti ya picha iache kwanza mpaka umpate mwenye skana na subira. Jedwali langu tupu la safu za santuri nitakutumia inbox, ujaze zako, tuzioanishe namba kabla hujanunua domeni.