Maswali ya Wasomaji: Nani Alimnyanyua André the Giant?

*Ndugu Mhariri, hivi mwanamieleka Hulk Hogan alimnyanyua kweli mwenzake André the Giant, au yalikuwa maigizo? – Msomaji, Tanga*

Alimnyanyua kweli, ila André alikuwa amekubali kunyanyuliwa. Pambano lilifanyika tarehe 29 Machi 1987 katika tamasha la mieleka la WrestleMania III, uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan, Marekani. André alitangazwa kuwa na kilo 236, na mtu wa uzito huo akiamua kujilegeza, hakuna wa kumtoa chini.

Mbwago wenyewe, yaani kumnyanyua mtu na kumtupa chini kwa mgongo, hufanyika hivi. Anayenyanyua hupitisha mkono mmoja katikati ya mapaja ya mwenzake, na wa pili humshika kupitia begani. Anayenyanyuliwa huruka kidogo, huku akijisukuma kwa kiganja alichokiweka kwenye paja la mnyanyuaji. Akishageuzwa hewani hubana kidevu kifuani, hutoa pumzi, na kutua kwa mgongo wa juu wote kwa wakati mmoja, mikono ikipiga turubai ili kishindo kisambae. Makalio yakitangulia, uti wa mgongo ndio unaobeba kishindo chote. Kidevu kikiachwa wazi, kisogo kinagonga chini.

Tatizo ni kwamba André alikuwa amepasuliwa mgongo mwaka 1986, na chini ya lile vazi jeusi alikuwa amevaa mkanda wa kuushikilia. Mtu wa hali hiyo haruki sana, na hata kuanguka kwenyewe kunamuumiza. Ndiyo maana tunasema heshima ya usiku ule ni ya André kuliko ya Hogan.

Madai ya watangazaji kwamba André hajashindwa kwa miaka 15, wala hajawahi kubwagwa, yalikuwa ya kuuza tiketi. Mwanamieleka Canek alimshinda Mexico mwaka 1984, mwenzake Inoki akamfanya asalimu amri Japani mwaka 1986, na Hogan mwenyewe alishambwaga Shea Stadium, New York, mwaka 1980. Hata ile idadi ya watazamaji 93,173 inabishaniwa mpaka leo.

*Ni kweli alikuwa akinywa bia zaidi ya mia kwa kikao kimoja? – Msomaji, Nakuru*

Alikuwa mnywaji mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini hesabu hizo zinatoka kwenye masimulizi ya wanamieleka wenzake, na hakuna aliyekaa mezani na daftari.

*Alifia wapi, na amezikwa wapi? – Msomaji, Zanzibar*

André René Roussimoff alizaliwa Ufaransa tarehe 19 Mei 1946, akakulia kijijini upande wa mashariki wa Paris. Mwishoni mwa Januari 1993 alikuwa amerudi kwao kwa mazishi ya baba yake. Moyo ukashindwa, akafia hotelini Paris akiwa na miaka 46. Hana kaburi: majivu yake yalitawanywa kwenye shamba lake la Ellerbe, North Carolina. Mwaka huohuo akawa mtu wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa kampuni ya mieleka ambayo leo ni WWE, na tangu 2014 kuna pambano la wengi la kumuenzi.

*Mwanangu ana miaka 14 na anarefuka haraka mno, hata wenzake wanamwita André. Nina sababu ya kuogopa? – Mzazi, Dodoma*

Pole kwa wasiwasi, mzazi mwenzetu. Uwezekano mkubwa ni balehe tu: katika kipindi hicho mvulana anaweza kuongeza karibu sentimita 10 kwa mwaka. Kama wewe au mwenzio ni warefu, hiyo nayo ni sababu tosha.

Ugonjwa wa André ni mwingine kabisa, na ni nadra. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Ukianza kabla mifupa haijafunga, yaani haijaacha kurefuka, mtu hurefuka kupindukia. Mifupa ikishafunga, vinavyoendelea kukua ni taya, viganja, nyayo na moyo.

Mpime kimo bila viatu, kwenye ukuta uleule, kila baada ya miezi 3, na uandike tarehe. Mpeleke hospitali kasi isipopungua, au ukiona kichwa kinamuuma mara kwa mara, anajigonga kwenye vitu vya pembeni kwa kutoviona, anatokwa jasho jingi, au viatu havimtoshi hata baada ya kimo kutulia.

Mwombe daktari kipimo cha damu cha IGF-1, kinachoonyesha kiasi cha homoni ya ukuaji kwa ujumla, na majibu yalinganishwe na umri wake. Kupima homoni ya ukuaji mara moja tu hakusaidii, kwa sababu hupanda na kushuka kutwa nzima. IGF-1 ikiwa juu, atanyweshwa maji ya glukosi na kupimwa tena na tena kwa saa 2: homoni isiposhuka, hufuata picha ya MRI. Uvimbe wenyewe kwa kawaida hutolewa kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu. Paul Wight, yule mwanamieleka Big Show, alifanyiwa upasuaji wa tezi hiyo akiwa kijana, na ukuaji wake ukasimama.