Kuvu la blasti hutoboa jani kwa nguvu kwanza, vimeng'enya baadaye

Ndugu, umeuliza kama vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, ndivyo vinavyotoboa jani la mpunga wenye blasti, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kwa sehemu tu. Kuvu hili, Magnaporthe oryzae, likishanata kwenye jani hujenga seli ya duara iliyojaa gliseroli, kimiminika kinachovuta maji. Maji huingia humo kwa kasi hadi shinikizo hufikia takriban megapaskali 8, yaani zaidi ya mara 30 ya upepo wa tairi la gari dogo. Kitobozi chembamba husukumwa ndani kwa nguvu hiyo. Kutinasi, kinachoyeyusha ngozi ya juu ya jani, husaidia, lakini kazi kubwa ya vimeng'enya huja zaidi kuvu likishaingia: zilanasi na wenzake humega kuta za seli.

Mpunga nao haukai kimya. Hutoa kitinasi, kimeng'enya kinachokata kitini, kijenzi cha ukuta wa kuvu, na vipande vinavyokatika huwa kengele ya hatari kwa mmea. Kuvu nalo ni janja: hutoa protini inayovidaka vipande hivyo kabla mmea haujavitambua. Mimi hapa ndipo ninapovutiwa zaidi.

Kuhusu dawa ya blasti uliyoitaja, trisaiklazoli: inazuia kimeng'enya cha kuvu lenyewe, kile cha kutengenezea melanini, rangi nyeusi ya ukuta wa seli ile ya duara. Bila melanini, seli ile huvujisha gliseroli na shinikizo halipandi. Ndiyo maana hupigwa mapema. Jani likishakuwa na madoa yale yenye ncha mbili na kitovu cha kijivu, haitaliponya.