Kupima sauti ya spika nyumbani kwa simu

Simu inatosha, ila pima pale unapokaa, simu iwe usawa wa sikio lako, sio uisogeze kwenye spika maana pale namba itapanda bure. Kama una iPhone chukua app ya kupima sauti inaitwa NIOSH Sound Level Meter, ni ya bure na hao NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, waliijaribu maabara wakakuta inakosea kama desibeli 2 tu, za Android zinatofautiana sana kwa sababu maikrofoni za simu hazifanani kabisa. Kwenye app weka kipimo cha A (kinachopima sauti kwa namna sikio linavyosikia) halafu usihangaike na ile namba inayorukaruka, acha nyimbo mbili tatu zipite kwa sauti yako ya kila siku ndo usome wastani, umeandikwa LAeq.

Kiwango salama cha kusikiliza cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo 83 ni masaa 20, 86 ni 10, 89 ni 5 tu wiki nzima. Hapo ndo wengi wanaumia bila kujua, desibeli 3 kwa sikio unaona kama hujaongeza kitu vile.

Kwa hedifoni njia hii haifai, simu ikiwa nje haisikii kinachoingia sikioni. Na masikio yakianza kulia mluzi ukizima muziki, punguza sauti siku hiyohiyo hata kama namba inasema uko salama.